Chumba cha Nne Zizini

Juma hili hatukuja na mafundisho marefu. Tumekuja na habari ya usiku mmoja tu, usiku tuliolala sisi na watoto wetu watatu katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Kinangop. Twasema mapema kwamba habari yenyewe haitupi sifa, na tulisitasita sana kabla ya kukubali kuisimulia hapa.

Wengi wenu mwapajua mahali penyewe. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Naivasha, ukiisha kupita Limuru, wafika mahali paitwapo Flyover. Hapo waiacha barabara kuu na kushika ile iendayo Njabini. Hewa hubadilika mara moja. Milima ya Nyandarua yasimama upande wa mashariki, na chini yake ni viazi, kabeji na ng'ombe. Nchi ile ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, kisha miaka ya 1960 yakanunuliwa na kugawanywa kwa wananchi. Wazee wa huko bado hueleza jinsi zamani ilivyokuwa vigumu kwa Mwafrika kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa gredi, mpaka mlango ulipoanza kufunguliwa na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kwa hiyo mtu wa huko akikuonyesha ng'ombe wake, usimtazame haraka haraka.

Dada yetu mkubwa aliolewa huko. Watoto wetu humwita shangazi. Yeye na shemeji wana ekari tatu, na kijana wao wakati huo alikuwa akingojea kuingia kidato cha tatu.

Sasa tuwaambie jambo tulilokuwa tumelificha mioyoni. Mwaka 2021 binti yetu, yule wa katikati, alilazwa hospitalini majuma matano. Fedha zilipotuishia tulimpigia dada simu usiku, naye siku ya pili yake akatuletea shilingi 120,000. Hakuuliza zitarudi lini. Ni sisi tuliosema, kwa vinywa vyetu, kwamba tutamlipa kabla ya mwisho wa mwaka 2022. Mwaka huo ukaisha. Tukaanza kuona haya kuisikia simu yake. Ikilia, mmoja wetu humtazama mwenzake, na mwenzake hutazama dirishani.

Basi mwezi wa Desemba 2023 akatuita. "Leteni watoto walale huku siku moja," akasema. "Watoto wa Nairobi wadhani maziwa hutoka pakitini." Hatukuwa na sababu ya kukataa. Na wasikilizaji, fedha tulikuwa nazo. Si zote, lakini tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi 70,000, ile tuliyoiita akiba ya gari. Usiku wa kuamkia safari, watoto walipolala, tulikubaliana maneno ya kumwambia: kwamba mambo bado ni magumu, atuvumilie mwaka mmoja zaidi. Tena tulipanga ni nani kati yetu atakayeyasema.

Tulifika yapata saa tisa alasiri, wakati wa kukamua. Watoto walikimbilia zizini hata kabla ya kumaliza kusalimu. Zizi la dada ni la mbao, lina sakafu ya saruji, nalo limegawanywa vyumba vinne vya kulalia ng'ombe. Chumba cha kwanza alikuwamo Malkia, Friesian mkubwa mwenye tumbo kama pipa. Cha pili Kidoti, wa Ayrshire, mwekundu mwenye mabaka meupe. Cha tatu Mweusi, ambaye alikuwa amekaushwa maana alibakiza majuma machache azae. Shemeji aliwaeleza watoto kwamba ng'ombe mwenye mimba hupumzishwa kukamuliwa miezi miwili hivi kabla ya kuzaa, apate nguvu zake na za ndama. Chumba cha nne hakikuwa na ng'ombe. Kilikuwa na magunia ya pumba na lundo la nepia iliyokatwakatwa.

Kifungua mimba wetu akauliza, "Na wa hapa yuko wapi?"

"Aliuzwa," dada akasema, akamwita ampelekee maji ya moto.

Tulitazama kazi ile, na kwa kweli ilitupendeza. Dada huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukipangusa kwa kitambaa safi. Ng'ombe akisikia joto lile hutulia na kuachilia maziwa. Kisha hukamua matone ya kwanza juu ya kikombe chenye kitambaa cheusi, atazame kama yana mabonge. Halafu ndipo ndoo huwekwa chini. Binti yetu alijaribu. Alivuta chuchu kama mtu anayevuta kamba ya kengele, na Kidoti akageuza kichwa kumtazama, kana kwamba amuuliza ni nani aliyemfundisha. Wanetu hawakunywa maziwa ya Nyayo yale tuliyopewa shuleni sisi wa miaka ya 1980, katika pakiti zile za pembe tatu. Kwao maziwa ni kitu cha dukani. Walipoona povu likipanda ndooni, na mvuke ukitoka katika baridi ile, walinyamaza kabisa, jambo ambalo nyumbani hatulioni mara nyingi.

Malkia alikamuliwa mwisho, katika ndoo nyekundu iliyotengwa. Alikuwa na ugonjwa wa kiwele, na daktari wa mifugo alikuwa ameanza kumtibu kwa dawa inayotiwa ndani ya chuchu. Maziwa yalionekana mazuri tu, meupe, yapata lita saba. Dada akaichukua ndoo mpaka nyuma ya zizi, akayamwaga yote katika shimo la samadi. Watoto walipiga kelele. Akawaeleza kwamba dawa hupita katika maziwa, na kwamba hata akiisha kutibiwa, yatamwagwa siku tatu zaidi, kama ilivyoandikwa katika karatasi ya dawa. Kuna watu ambao mwili wao hauipatani na penisilini hata kidogo. Tena maziwa yenye dawa hayagandi kuwa mtindi, maana dawa huua chachu.

Sisi wawili tulipiga hesabu kimyakimya. Lita 14 kwa siku, kwa siku sita, kwa bei aliyotutajia ya shilingi 45, ni karibu shilingi 3,800. Na Mweusi amekaushwa. Basi nyumba nzima, pamoja na karo ya Januari, ilikuwa ikimtegemea Kidoti peke yake. Tulipiga hesabu hiyo, tukaendelea kunywa chai.

Baada ya chakula shemeji alifungua Biblia. Hakuwa amechagua sura kwa ajili yetu. Wao husoma kwa zamu, na usiku ule zamu ilifika Mwanzo 18, habari ya Ibrahimu na wageni watatu. Mwajua alivyowapokea: mikate, siagi, maziwa, na ndama laini aliyemtoa katika kundi lake. Watoto walicheka waliposikia kwamba hata yeye alikuwa na maziwa. Shemeji akaomba, kwa ufupi kama kawaida yake, akamwombea na Malkia. Kisha wakatupa chumba chao wenyewe, wao wakalala sebuleni. Baridi ya Kinangop ni ya kweli, ndugu zangu. Tulilala na soksi. Tukanong'onezana kwamba yale maneno yetu tutayasema asubuhi, baada ya chai, kabla ya kuondoka.

Yapata saa kumi na nusu alfajiri tuliamshwa na ndoo zikigongana. Tukiwa twatafuta viatu gizani, binti yetu akaingia. Alikuwa amelala na binamu zake, na watoto wakilala pamoja hakuna siri inayobaki.

"Mama, Baba," akasema, "yule ng'ombe wa chumba cha nne aliitwa Mrembo. Alikuwa akitoa lita ishirini. Shangazi alimwuza siku nilipokuwa hospitali."

Alisema kama mtu anayeleta habari njema. Alikuwa na furaha kwamba ng'ombe mzima alihusika naye.

Hatukumjibu. Miaka miwili tulikuwa tumedhani kwamba dada alikuwa na fedha mahali, benki au katika chama cha akina mama, fedha zilizokaa tu. Hatukuwahi kuuliza zilitoka wapi. Mtu anayeogopa kulipa hapendi kuuliza maswali ya namna hiyo.

Tulitoka nje. Kidoti alitoa lita nane na kidogo. Malkia akakamuliwa tena katika ndoo nyekundu. Saa kumi na mbili tukamfuata dada mpaka barabarani, ambako majirani walikuwa wamekwisha kupanga mikebe yao, wengine wakubwa, wengine wadogo. Karani wa maziwa alifika na gari. Akatumbukiza laktomita, maziwa yakiwa yametiwa maji, chombo hicho huzama zaidi. Akachanganya maziwa kidogo na spiriti. Yaliyoanza kuharibika huganda papo hapo. Akaandika lita katika kitabu chake. Vipimo vya kugundua dawa vipo, lakini pale barabarani havikuwapo.

Kifungua mimba wetu ni kijana wa kupenda kuhoji. Akamnong'oneza shangazi yake, lakini twalisikia: "Shangazi, ungetia ya Malkia asingejua."

"Asingejua," dada akajibu. Akamwonyesha mama mmoja mzee aliyesimama na kimkebe cha lita tatu. "Lakini yote yaingia katika mkebe mkubwa mmoja. Nikitia ya Malkia, nimeharibu na ya yule mama. Ana ng'ombe mmoja tu."

Kisha akafunika mkebe wake, akauliza nani anabeba.

Wasikilizaji wapenzi, tulirudi kwa njia ile ile ya matope, sisi wawili tukiwa nyuma. Hatukushauriana. Tulikuwa na uongo uliokwisha kutayarishwa, umepangwa hata na mtu wa kuusema, na mbele yetu alitembea mwanamke aliyemwaga lita kumi na nne kwa siku kwa ajili ya jirani mwenye lita tatu. Usiku tulikuwa tumecheka pamoja na watoto juu ya ndama wa Ibrahimu. Wageni wale angalau walijua wamekula nini.

Tulimkuta jikoni akisugua mikebe kwa maji ya moto. Tukamwambia yote. Kwamba tuna shilingi 70,000. Kwamba tumekuwa nazo tangu Agosti. Kwamba tulikuja tukiwa tumekusudia kumwambia hatuna. Na kwamba hatukujua juu ya Mrembo. Sauti zilitutetemeka, na labda tulitazamia aache kazi, atushike mikono, aseme si kitu.

Hakusema si kitu. Aliendelea kusugua mpaka mkebe ule ukaisha, akauinamisha juani. Akasema, "Nilijua mnaikimbia simu yangu. Hilo ndilo liliniuma. Ng'ombe ni ng'ombe." Akafuta mikono, akaleta daftari lake la maziwa. Tulilipekua: kurasa kwa kurasa za lita, asubuhi na jioni, jina la kila ng'ombe. Jina letu halikuwamo popote. Siku ile ndiyo akaliandika mara ya kwanza, na tarehe, na zile 70,000 tulizomtumia kwa simu pale pale mezani. Kisha akatuuliza, kalamu ikiwa mkononi, "Na hizo zilizobaki, lini?"

Swali lile lilitupa raha kuliko kama angetusamehe zote. Tulisema shilingi 5,000 kila mwezi kuanzia Januari. Mwezi wa Juni 2024 tulikosa, tukampigia sisi kwanza, kabla hajatupigia. Tulimaliza mwezi wa Novemba. Gari hatuna, twasafiri kwa matatu kama kawaida, na mama wa watoto asema hajaona hasara ila siku za mvua.

Tulipokuwa twaondoka siku ile, dada alitupakia viazi, kabeji mbili na chupa ya maziwa ya Kidoti. Tulijaribu kuikataa ile chupa. Alitutazama namna ya dada mkubwa, tukaipokea.

Kwa fedha zile za kwanza walinunua mtamba mdogo, wakamtia katika chumba cha nne, na magunia ya pumba yakahamishiwa chini ya paa la jikoni. Alizaa mwezi wa Agosti 2025. Tulikwenda kumwona tukiwa wote watano, tukakuta ndama jike, bado ana unyevu masikioni, ananyonya dang'a kwa fujo. Binti yetu ndiye aliyepewa kazi ya kumchagulia jina. Alifikiri majuma mawili asipate linalomtosha, hata shangazi yake akamtumia habari kwamba ndama hangoji, na kwa wakati huo wote pale zizini walikuwa wakimwita "Wewe".