Sarafu za Tabora



Neno "hela" twalitamka kila siku, nalo asili yake ni sarafu ya Wadachi. Mwaka 1916, vita vilipowazibia njia ya bahari, walipiga sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli: za shaba za hela 20, na za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Sisi tulipata moja ya shaba, tukaisugua kwa ndimu na mchanga hata ikang'aa. Kumbe tuliiharibu! Wajuzi hupenda rangi ile ile ya ukongwe. Na mwenye ya tembo asimpelekee sonara. Yeye atapima dhahabu tu, kisha ataiyeyusha. Yetu tungali nayo, mnunuzi hatumwoni.