Fimbo, Kivuli na Saa ya Reli

(Hotuba ya mwanachama wa kazi ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Leo sisemi juu ya mshahara. Nasema juu ya mwalimu wa sayansi anayewafundisha watoto wetu, na vyombo vyake vya kazi. Sisi twajua ya kuwa fundi hapelekwi njiani bila spana wala nyundo. Lakini mwalimu huambiwa afundishe habari za jua, nyota na mwendo wa dunia kwa chaki tupu. Mtoto akianguka mtihani, lawama ni ya mwalimu.

Tena vitabu vingi vya elimu ya nyota vimeandikwa Ulaya. Huko kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima, na Nyota ya Kaskazini huonekana kila usiku usio na mawingu. Hapa Nairobi nyota hiyo haionekani. Kivuli cha adhuhuri mwezi wa Juni huenda kusini, mwezi wa Desemba huenda kaskazini, na katika Machi na Septemba kuna siku jua hupita utosini, kivuli cha fimbo kikakaribia kwisha. Mtoto akikariri kitabu bila kutoka nje, amekariri mbingu za watu wengine.

Nawapa somo moja lisilo na gharama. Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na digrii 40 mashariki, na Kisumu karibu na digrii 35. Tofauti ni digrii 5. Basi adhuhuri ya Mombasa hutangulia ile ya Kisumu kwa dakika 20 hivi. Kama kila stesheni ingefuata jua lake, treni mbili zingeweza kukutana katika njia moja. Ndiyo sababu stesheni zote hufuata saa moja.

Mtoto ataaminije? Katika Machi au Septemba, mwalimu asimamishe fimbo wima kwa timazi, mahali palipo sawa. Tangu saa sita hata saa saba mchana, watoto watie alama penye ncha ya kivuli kila dakika 5. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya kweli. Mwalimu wa Kisumu na wa Mombasa wafanye siku moja, kisha wapeane habari kwa simu. Wala mtoto asilitazame jua lenyewe, litamharibu macho.

Lakini fimbo haifundishi peke yake. Mwalimu asiyeonyeshwa jinsi ya kuitumia ataishika tena chaki. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Japani, ilianza mpango wa SMASSE wa kuwaongezea mafunzo walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari. Mpango ule ulihimiza mwanafunzi atende kwa mikono yake, na mwalimu atumie vitu vilivyo karibu. Njia hiyo ni njema. Ila tuseme wazi: ustadi wa mwalimu wa kutumia fimbo usiwe sababu ya kuinyima shule maabara. Na mafunzo ni kazi. Mwalimu asiitwe mafunzoni kwa nauli ya mfukoni mwake.

Naliomba tawi mambo matatu. Kwanza, kila mzazi aulize katika mkutano wa shule: mwalimu wetu wa sayansi alipata mafunzo lini? Pili, Katibu awaandikie wenzetu wa chama cha walimu, tudai pamoja. Tatu, mafundi wetu watoe Jumamosi moja kuzitengenezea shule za jirani fimbo na timazi.

Haki ya kufanya kazi kwa vyombo vinavyofaa tuliidai kwa ajili yetu. Tuidai na kwa mwalimu, maana anayekosa ni mtoto wetu.