Vidonge Vinavyofika Hadi Kwenye Ubongo

Hapa Tenke, kwenye machimbo ya madini, homa ikimpanda kijana baada ya siku nzima shimoni, wengi husema ni tifoidi kabla damu haijapimwa. Jioni ameshanunua siprofloksasini dukani, vidonge vichache tu, bila karatasi ya munganga, yaani daktari.

Dawa hii imeokoa wengi, na tifoidi ya kweli huua kwa kutoboa utumbo. Lakini dawa yenyewe haiishii tumboni. Inafika kwenye ubongo, na baadhi ya watu huwaletea kuchanganyikiwa, usahaulifu na wasiwasi mkubwa. Julai 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maonyo hayo yaandikwe wazi zaidi. Inaweza pia kukata kano ya kisigino, na kwa mtu anayeishi kwa kubeba magunia ya madini, hilo ni kupoteza kazi.

Dawa nyingine, jentamisini, ile ya sindano, inanitia hofu zaidi. Huumiza figo, hasa za mtu aliyekaukiwa maji kwa jasho au kuhara. Figo mara nyingi hupona dawa ikisimamishwa mapema. Madhara ya sikio la ndani kwa kawaida hayaponi: milio, kizunguzungu, kisha uziwi. Ndiyo maana kipimo chake hufuata uzito wa mgonjwa na hali ya figo zake.

Mama, baba, mgonjwa wako akianza kuweweseka ghafla katikati ya matibabu, usikimbilie kusema amerogwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe dawa zote alizotumia, hata pakiti tupu, munganga asome majina yake.