Njia ya Baiskeli Hudaiwa, Haingojwi

Nimepewa dakika chache, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja.

Mwaka 2016 miji miwili tunayoijua ilipata njia za baiskeli. Hapa London ilifunguliwa ile ya kando ya mto Thames, iliyotengwa na magari kwa ukingo. Dar es Salaam nako yakaanza mabasi ya mwendokasi, na barabara ya Morogoro kutoka Kimara ikawekewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Leo ile ya London mtu anapita na mwanawe. Ile ya Dar utakuta bodaboda zimeingia humo na meza za biashara zimepangwa. Ukikunja kuingia mitaani, njia yenyewe hakuna. Muuza samaki anayetoka Feri na tenga lake, mbeba mkaa, mwanafunzi, wote wanarudi kugombania lami na daladala na malori.

Msiniambie Wazungu wamezaliwa hivyo. Uholanzi, mwaka 1971, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani, wakafunga mitaa, wakadai mauaji ya watoto yakome. Serikali ilisikia kwa sababu ilisumbuliwa.

Wapo watakaosema baiskeli ni ya maskini. Mark Rutte, Waziri Mkuu wa nchi hiyo hiyo kuanzia 2010 hadi 2024, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Na hata ingekuwa ya maskini, je, damu ya maskini ni maji?

Tudai nini? Kwanza, barabara mpya isijengwe bila njia ya baiskeli yenye ukingo. Rangi peke yake haimzuii dereva. Pili, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa karibu na shule. Tatu, wafanyabiashara wapewe sehemu nyingine, wasifukuzwe kwa virungu.

Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaani chini ya TARURA tangu 2017. Diwani na mbunge wako hawawezi kusema hawajui pa kuuliza. Sisi huku tunachangishana kujenga madarasa nyumbani. Safari hii tuandike na barua, tuulize mtoto atafikaje darasani akiwa mzima.

Naomba kutoa hoja.