USAFIRI WA WATU, NA USEMI WA WATAKAO KUWA MAMEYA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bagamoyo)



Tumeombwa kusema juu ya mambo mawili: usafiri wa umma, yaani vyombo viwachukuavyo watu wengi kwa nauli, na usemi wa wale wanaotafuta kiti cha Meya. Tungeweza kuyasema mbalimbali, lakini kila wakati wa uchaguzi mambo haya huja pamoja kama chanda na pete. Mgombea akitaka kupigiwa makofi upesi hutaja foleni ya magari, na msikilizaji aliyesimama ndani ya daladala tangu Tegeta humpigia makofi kabla hajamaliza maneno yake.

Kwanza yatupasa kueleza jambo ambalo hata wasomi wengi hulikosea. Katika Tanzania Meya hachaguliwi na wananchi wote. Wananchi humchagua diwani wa kata yao, kisha madiwani hukutana na kumchagua mmoja wao kuwa Meya, kama ni manispaa au jiji, au Mwenyekiti, kama ni halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo sisi wa Bagamoyo hatuna Meya kabisa; tuna Mwenyekiti wa Halmashauri. Walio na Meya ni jirani zetu wa Kinondoni, ng'ambo ya Mto Mpiji. Maana yake ni kwamba usemi wa mtu atakaye umeya hupimwa mara mbili, na mbele ya watu wa namna mbili. Kwanza katika uwanja wa kata, mbele ya mama lishe, wavuvi na vijana wa bodaboda. Pili katika chumba cha mkutano, mbele ya madiwani wenzake, ambako hakuna kipaza sauti wala ngoma. Ustadi wa mahali pa kwanza si ustadi wa mahali pa pili.

Pwani yetu haijapata kukosa wasemaji. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1960, alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Basi hatusemi kwamba ufasaha ni dalili ya utupu. Mtu aliyezoea kupima mizani ya ubeti huenda akapima na maneno ya ahadi. Twasema tu kwamba ufasaha ni chombo, na mwenye chombo aulizwe amepakia nini.

Sasa tutazame shehena yenyewe. Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko wengi wetu tuendako. Mabasi ya mwendo wa haraka, yale yapitayo katika njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, njia ya karibu kilometa 21 pamoja na matawi yake, yalianza kuchukua abiria mwezi wa Mei 1916—la, ulimi unateleza, Mabwana. Mwaka huo watu walikwenda kwa miguu—mwezi wa Mei 2016. Miezi miwili kabla yake, Machi 2016, madiwani wa Jiji walikuwa wamemchagua Bwana Isaya Mwita kuwa Meya, baada ya mkutano wa uchaguzi kuahirishwa zaidi ya mara moja. Mtu mgeni angedhani Meya mpya ameleta mabasi mapya. Sivyo. Shauri la mabasi hayo lilianza ndani ya Halmashauri ya Jiji katika siku za Meya Kleist Sykes, aliyeshika kiti hicho tangu 2000 hadi 2005. Wakala wa kuyasimamia, uitwao DART, uliundwa mwaka 2007. Kisha zikaja fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, kubomolewa kwa nyumba, fidia na mashauri, kumwagwa zege, na kutafutwa mwendeshaji. Aliyelianzisha jambo alikuwa amekwisha toka katika kiti zaidi ya miaka 10 kabla basi la kwanza halijapiga honi. Na Jiji lenyewe, kama lilivyokuwa likiongozwa wakati ule, lilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Twaomba mlitafakari jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Usafiri mkubwa haupatikani kwa hotuba ya uwanjani. Hupatikana kwa usemi wa namna nyingine, usiopigiwa makofi: usemi wa mtu aketiye mezani na wahandisi, na wakopeshaji, na maofisa wa wizara, akarudia hoja ile ile mwaka baada ya mwaka bila kuchoka, akasoma hesabu na kuuliza mahali pasipoeleweka. Usemi huo wapiga kura hawausikii, nao ndio utakaowafaa.

Tena mamlaka yenyewe yamegawanyika. Nauli na leseni za mabasi ni kazi ya LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Barabara kuu, pamoja na hii yetu iendayo Dar es Salaam, ni ya TANROADS. Barabara za mitaa na vijiji, tangu 2017, ni za TARURA. Mabasi ya mwendo wa haraka yana wakala wake. Basi mgombea anaposema, "Nitashusha nauli," anaahidi kitu kilichomo katika kabati ambalo ufunguo wake hana. Hatusemi kwamba anadanganya, labda hajui. Lakini asiyejua ufunguo uko wapi atakwendaje kuuomba?

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Watu wa Kampala walimchagua Bwana Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu mwaka 2011 kwa kura zao wenyewe, naye ni mwanasheria hodari wa kusema. Lakini sheria ya mwaka 2010 ilikuwa imeweka shughuli za utendaji mikononi mwa Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa na Rais, na miaka ikapita katika ugomvi wa nani mwenye amri. Katika London mambo ni kinyume. Meya wa kwanza kuchaguliwa na watu wote, Bwana Ken Livingstone, alipopata kiti mwaka 2000, sheria ilimpa pia usimamizi wa shirika la usafiri la jiji zima. Alisema atawatoza ada wenye magari waingiao katikati ya mji, na Februari 2003 akawatoza. Kuna waliochukia, lakini walimjua wa kumchukia. Hapa kwetu mtu aliyesimama kituoni Bunju saa kumi na moja alfajiri hajui amchukie nani, na hiyo nayo ni taabu.

Hapa Bagamoyo twapaswa kuwa wepesi kuelewa mambo ya njia kuliko watu wote. Mji huu ulikuwa mwisho wa misafara itokayo Tabora na Ujiji, ukawa makao makuu ya Wadachi mpaka 1891. Kisha makao yakahamishiwa Dar es Salaam, na mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka huko. Ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Haukuwa mzinga uliouangusha mji huu. Njia iliwekwa mahali pengine, basi biashara ikaifuata njia. Wazee wetu hawakuulizwa.

Katika siku zetu tumeulizwa kidogo zaidi, lakini si sana. Mwaka 2014 ililetwa boti kubwa ya abiria, MV Dar es Salaam, iliyonunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 8, ili ifanye safari kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo na kupunguza msongamano wa barabarani. Shauri lilikuwa zuri, na maneno ya kuikaribisha yalikuwa mazuri zaidi. Lakini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika kwamba boti ile haikufikia mwendo uliotakiwa katika mkataba, na huduma haikudumu. Mtu haachi daladala kwa ajili ya chombo kitakachomfikisha kazini kwa kuchelewa zaidi, hata kama upepo wa baharini ni mtamu. Laiti mtu mmoja, siku ya mapokezi, angeuliza kwa sauti: kitatumia saa ngapi, na nauli yake itakuwaje ikilinganishwa na ya basi?

Tumelitaja swali hilo kwa kusudi. Sisi tu watumishi wa umma. Hatupandi majukwaa ya vyama kazini, wala haifai tuonekane tukishabikia rangi hii au ile. Lakini kuuliza swali katika mkutano wa kata yako, baada ya saa za kazi, ukiwa mkazi na mpiga kura, si ushabiki. Nasi makarani tuna silaha moja ambayo wengine hawana: twajua sarufi ya barua za ofisi.

Msikilizeni mgombea kwa sikio la karani. Barabara itajengwa. Mabasi yataletwa. Kero itaondolewa. Stendi itaboreshwa. Vitenzi vyote hivi viko katika kauli ya kutendwa. Kuna kitu kitakachotendwa, mtendaji hayupo. Ni ndugu wa ile sentensi tuijuayo sote, kwamba suala lako linashughulikiwa. Basi mwulizeni mtenda. Nani atajenga? Kwa fungu gani la bajeti? Kabla ya mwezi gani? Mgombea aijuaye kazi yake atabadili kauli mara moja, aseme: nitapeleka hoja katika Baraza kwamba kiwanja fulani kitengwe kuwa kituo, nitawaandikia TARURA juu ya daraja la mtaa fulani, nitawaita LATRA waje wasikilize malalamiko yenu hapa hapa. Maneno hayo hayana utamu. Mwingine atayasema kwa kigugumizi, jasho likimtoka. Huyo, kwa maoni yetu, amekwisha mpita yule aliyetuchekesha kwa nusu saa.

Ni nini basi kitangulie? Wanachama wengine wamesema barabara za juu, na wengine reli. Sisi twaona kwamba vitangulie vitu vidogo ambavyo halmashauri yaweza kuvifanya kwa mkono wake. Kituo chenye paa na choo na taa, kwa kuwa mwanamke anayesubiri gari gizani hana faida na mchoro wa mwaka 2040. Njia ya kupita kwa miguu kandokando ya barabara, maana watoto wetu wa Kiromo na Zinga huenda shule wakipishana na malori. Na jambo la wanafunzi, ambalo latuuma sana. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kwa amri ya serikali, na kwa sababu hiyo hiyo kondakta humwacha kituoni na kumpakia mtu mzima. Serikali imempa mtoto haki, hasara ikaachiwa mwenye gari, na mwenye gari akairudisha kwa mtoto. Mgombea atakayeweza kueleza fundo hilo lilivyofungwa, tutamsikiliza hata akisema litafunguliwa polepole.

Daladala tusizidharau. Tangu 1983, watu binafsi waliporuhusiwa kuchukua abiria mjini kwa kuwa mabasi ya UDA hayakutosha, ndizo zilizotufikisha kazini. Dereva na kondakta wengi hawana mshahara wa kutegemewa. Hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, na kinachobaki ndicho chao. Ndiyo maana gari haliondoki mpaka lijae, na likisha kujaa hukimbia. Mgombea anayewatukana madereva ili apigiwe makofi hajatueleza atafanya nini na ile hesabu.

Limebaki jambo la Mpiji. Msafiri atokaye Kerege au Mapinga kwenda Makumbusho huvuka mpaka wa halmashauri mbili na mikoa miwili. Upande huu ni Pwani. Upande ule ni Dar es Salaam. Mpango wa mabasi ya mwendo wa haraka katika barabara hii, ule wa awamu ya nne, umeandikwa kufika Tegeta. Ni jambo jema, lakini abiria wetu ataendelea kuhitaji gari jingine kutoka Tegeta hadi kwake, na hatujasikia mgombea hata mmoja, wa upande huu wala wa upande ule, akisema gari hilo litamngojea wapi. Diwani wa Bunju hamhesabu kwa kuwa hampigii kura. Diwani wa Mapinga asema Tegeta si kata yake. Kila asubuhi mtu huyu husafiri saa mbili au zaidi akiwa si wa mtu yeyote.

Kwa hiyo, Bwana Rais, tumeandika barua mbili, moja kwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Bagamoyo na moja kwa Meya wa Kinondoni, tukiomba mabaraza yao yakutane mara moja kwa mwaka juu ya abiria wavukao Mpiji, na kwamba kituo cha kuunganisha magari kitengewe ardhi sasa, kabla viwanja havijauzwa. Barua hizo ziko mezani kwa Bwana Katibu. Wanachama watakaopenda kutia sahihi wafanye hivyo kabla ya kutoka. Na wale wanaofanya kazi Dar es Salaam na kulala upande huu, twawaomba kwa muda wa wiki moja waandike katika karatasi saa waondokayo nyumbani, saa walipopata gari, na saa waliyofika kazini, wamletee Bwana Katibu ili aziambatishe.