Dawa za Ayurveda na Raha ya Ndoa: Mnunuzi Ajue Nini?

Mazungumzo na wakazi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa



Jambo lililotukutanisha leo kwa desturi husemwa kwa sauti ya chini. Wazee wetu walilipa mahali pake katika jando na unyago, na watu wake, yaani manyakanga, makungwi na masomo. Nje ya hapo ni siri. Kwa kuwa ni siri, mwenye shida humwendea muuzaji peke yake, hununua bila kuuliza, na akidhurika hunyamaza kwa aibu. Muuzaji asiye mwaminifu anaijua aibu hiyo, naye huitegemea. Fedha za ufuta na korosho zinapoanza kuwafikia wakulima, yeye hakosekani gulioni.

Leo nitasema juu ya dawa zinazouzwa kwa jina la Ayurveda, ambazo wengi wetu huziita dawa za Kihindi, kwa ajili ya mtu aliyepoteza hamu au raha ya tendo la ndoa.

Ayurveda ni elimu ya kale ya tiba kutoka Bara Hindi, nayo si ya kudharauliwa. Ina matawi manane, na moja, liitwalo vajikarana, hushughulikia hamu, nguvu na uzazi. Kitabu chake mashuhuri, Charaka Samhita, kinamtaja mke anayempendeza mumewe kuwa kichocheo bora kuliko vyote. Tabibu aliyefunzwa elimu hiyo haanzi na unga wa kopo. Huuliza kwanza juu ya usingizi, chakula, pombe, huzuni, na maelewano ya wawili hao. Kungwi wa hapa kwetu angeuliza mengi ya hayo.

Miongoni mwa mimea inayotumika ni ashwagandha, shatavari, mbigili na mbegu za upupu. Naam, ni upupu ule ule unaotuwasha mashambani. Msiende kuuchuma, kwa maana matayarisho yake yana kanuni na kipimo chake. Tafiti kadhaa za ashwagandha zimeonyesha kupungua kwa msongo wa mawazo, na baadhi zimeonyesha nafuu katika hamu ya tendo la ndoa. Lakini zilihusisha watu wachache kwa muda mfupi. Anayekuahidi kupona kabisa kwa siku saba anasema jambo ambalo elimu haijalisema.

Hatari ninazotaka mzikumbuke ni tatu.

Ya kwanza ni madini yenye sumu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti zilipimwa, na takriban moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua zebaki na madhara yake. Sumu hizi hujikusanya mwilini polepole, zikaharibu figo na mishipa ya fahamu.

Ya pili ni dawa ya hospitali iliyofichwa ndani ya unga unaoitwa wa mitishamba. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta sildenafili ndani ya bidhaa za namna hiyo. Dawa hii hutolewa hospitalini kwa kipimo na kwa uangalizi. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, akiimeza bila kujua, shinikizo lake la damu laweza kushuka ghafla hadi akafa. Basi unga wa majani ukifanya kazi ndani ya saa moja, usifurahi upesi, jiulize kilichomo. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, nenda hospitali mara moja.

Ya tatu ni kuchelewa. Kupungua kwa nguvu na raha mara nyingi ni dalili ya jambo jingine, kama vile kisukari, shinikizo la juu la damu, sonona, pombe, au dawa nyingine anayotumia mtu. Chukueni mfano wa mkulima wa miaka 50 ambaye hununua makopo matatu kwa fedha ya msimu mzima, kumbe kisukari kinamla mishipa. Kipimo cha sukari kingemweleza ukweli kwa tone moja la damu. Na anayeshuku kuwa dawa zake za presha ndizo zinazompunguzia nguvu asiziache. Amweleze daktari, ambaye aweza kumbadilishia.

Kina mama, msidhani shida hii ni ya wanaume tu. Ukavu ukeni baada ya kukoma hedhi au wakati wa kunyonyesha, maambukizi, kichocho na maumivu wakati wa tendo huondoa raha, na mengi ya hayo yana tiba. Usiingize ukeni unga wala majani ya aina yoyote. Mjamzito na anayenyonyesha asinywe dawa hizi bila ushauri wa mtaalamu. Ashwagandha imewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Sasa, haki zako mnunuzi. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtoa huduma anatakiwa asajiliwe nalo. Mwombe cheti chake bila kuona haya. Dawa za viwandani ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilikuwa TFDA. Kabla ya kulipa, soma lebo: jina la mtengenezaji, viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Kopo lisilo na hayo lirudishe. Dai risiti. Ukidhurika, tunza kopo na kilichobaki, ukavipeleke kituo cha afya pamoja nawe, ili mtaalamu ajue ulichokula na aitaarifu TMDA.

Ndugu zangu, hatuwakatazi tiba asili wala tiba ya ng'ambo. Tunawaomba muanze na kipimo cha sukari na cha presha katika zahanati iliyo karibu, mke na mume wakifuatana inapowezekana. Tena mzungumze wenyewe kwa wenyewe, maana raha ya wawili haipatikani kwa dawa aliyoinywa mmoja kwa siri. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.