Sidiria Inayokutosha

  Leo tunazungumza juu ya vazi ambalo wengi wetu hulivaa kila siku lakini tunaona haya kulitaja, yaani sidiria. Kama una binti aliyeanza kuota matiti, mwite aje asikilize nawe.

Mama mmoja mwenye mtoto wa wiki tatu alifika kliniki akisema anataka kumwachisha mtoto ziwa. Titi lake la kulia lilikuwa na uvimbe mgumu karibu na kwapa, na kila mtoto aliponyonya, mama alilia. Jirani alikuwa amemwambia kwamba maziwa yameharibika. Muuguzi alipomtazama aliona alama nyekundu ya sidiria iliyopita juu ya uvimbe ule. Mama alikuwa bado anavaa sidiria ya kabla ya kupata mimba! Maziwa hayakuwa na kasoro yoyote. Sidiria ndiyo iliyokuwa ikibana, na maziwa yakakosa njia ya kupita. Alipoiacha na kuendelea kunyonyesha, uvimbe ulipungua, na mtoto akabaki na chakula chake.

Basi tutajuaje sidiria inayotutosha? Chukua utepe wa kupimia, ule wa fundi wa nguo. Kama huna, tumia uzi kisha uupime kwa rula. Kwanza, zungusha utepe chini ya matiti, ukaze kidogo, na usome inchi. Ukipata namba isiyogawanyika kwa mbili, kama 33, panda hadi 34. Hiyo ndiyo namba ya sidiria yako. Pili, zungusha utepe juu ya matiti mahali palipojaa zaidi, bila kukaza. Toa namba ya kwanza katika hii ya pili. Tofauti ikiwa inchi 1, kikombe chako ni A. Inchi 2 ni B. Inchi 3 ni C. Inchi 4 ni D. Kwa mfano, ukipata 34 chini na 37 juu, tofauti ni 3, kwa hiyo saizi yako ni 34C.

Lakini viwanda havishoni sawasawa, kwa hiyo usiamini namba peke yake. Ivae uikague hivi:

Moja, mkanda wa mgongoni ukae sawa na ule wa mbele. Ukipanda juu mgongoni, sidiria ni pana mno. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, visizidi hapo.

Mbili, sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za nje kabisa, zile zinazolegeza. Mpira ukilegea baadaye, utasogea kulabu za ndani.

Tatu, titi lote liingie ndani ya kikombe. Likimwagika juu au upande wa kwapa, kikombe ni kidogo. Kikikunjamana, ni kikubwa.

Nne, kama ina waya, waya ulale kwenye mbavu, usikalie titi.

Tano, kamba za mabegani zisichimbe mabega. Mkanda wa chini ndio unaobeba uzito mwingi, si kamba. Mwenye mabega yenye mifereji mara nyingi amevaa mkanda uliolegea, akakaza kamba ili kufidia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mkanda ukilegea lakini kikombe kinakutosha, shuka namba moja na upande herufi moja. Aliyevaa 36B ajaribu 34C. Vikombe vyake ni sawa, ila mkanda ni mfupi.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha, matiti yenu hubadilika. Siku chache baada ya kujifungua maziwa hujaa na titi huwa zito, kwa hiyo chagua sidiria ya pamba, inayonyooka, isiyo na waya, na inayofunguka mbele kwa urahisi. Ikilowa maziwa, ibadilishe, kwa maana unyevu huchubua chuchu na huleta ukungu wa ngozi.

Ukiona uvimbe unaouma, legeza nguo na uendelee kumnyonyesha mtoto kama kawaida. Baada ya kunyonyesha, weka kitambaa chenye maji baridi. Usilikande titi kwa nguvu. Lakini titi likiwa jekundu na moto, nawe una homa na kutetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi naye asingoje. Aende mara moja apate ushauri wa jinsi ya kumlisha mtoto.

Wengi wetu hununua mitumba, na si vibaya. Vuta mkanda uone kama unarudi. Usiporudi, mpira umekufa, uache hapo hapo sokoni. Ukifika nyumbani, ifue kwa sabuni na uianike juani kabla ya kuvaa. Na zile noti na simu tunazoficha ndani ya sidiria, mama, tuzitafutie mfuko! Noti imepita mikono mingi, na mtoto anakuja kuweka kinywa chake hapo.

Mwisho, wako wanaosema sidiria huleta saratani ya matiti. Hakuna ushahidi wa hayo. Hata hivyo, unapopima saizi yako jiangalie pia. Uvimbe usioisha, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu kutoka kwenye chuchu, au ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, yote hayo yaonwe na daktari mapema, hata kama hayaumi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna mwingine anayejua inakokubana isipokuwa wewe. Leo jioni, kabla ya kulala, chukua utepe ujipime, kisha umpime na binti yako. Mwambie ni jambo la afya, wala si la aibu.